Mchanga Ulioinuliwa Mara Tatu

Wanawake wa mtaa wa Kibokoni hawakuazima sindano nyumbani kwa Mejumaa binti Kombo. Si kwa ubahili wake. Ulimi ulikuwa mkali lakini mkono ulikuwa wazi. Walihofu kwa kuwa sindano zilizolala nyumba ile ziliamka na tabia. Ukizitia kwenye mto wa pamba jioni, asubuhi wazikuta zimekumbatiana. Ukiiacha moja karibu na mkasi, yajigeuza kuutazama. Bi Shariffa, jirani wa ukuta mmoja, aliazima siku moja ashone kanzu ya mumewe. Sindano ikamponyoka vidoleni, ikajibandika ubavuni mwa kisu cha mboga. Akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia, kisha akaja nayo ameikamata kwa koleo.

"Mejumaa! Chukua jini lako!"

"Jini gani wa kukubali kushona kanzu ya mumeo?" akajibu Mejumaa. "Hata majini yana haya zao."

Jini mwenyewe alikuwa jiwe. Jeusi, zito, la ukubwa wa ngumi ya mtoto, upande mmoja limekatika kama mkate uliomegwa. Babu yake, nahodha wa Suri, alilileta kutoka milima ya kwao, nalo huko hukaa ardhini na nguvu zake zile zile, halikufunzwa na mtu. Ni jiwe la sumaku. Ukilisogeza penye chembe za chuma linaota ndevu, nazo ndevu husimama na kuinama kila mkono ukipita, kama nywele za mtu anayesikia kitu nyuma yake.

Mejumaa alikula kwa jiwe hilo. Enzi hizo aliyeandika barua hakuwa na karatasi ya kunyonya wino. Alinyunyiza mchanga juu ya maandishi, akatikisa, akakunja. Na si kila mchanga. Mchanga mweupe wa pwani una chumvi, hunywa unyevu na kuvuruga wino. Uliotakikana ni ule mweusi, mwembamba, unaometa. Mejumaa aliletewa makapu ya mchanga kutoka kaskazini, penye mlango wa mto Sabaki, akauanika uani, kisha akafunga jiwe lake katika kitambaa cha bafta na kulipitisha juu ya sinia. Chembe nyeusi zilirukia kitambaa kama siafu waliochokozwa. Nyeupe zilibaki zimelala. Akichomoa jiwe, nyeusi zote huanguka chunguni pamoja, kwa sauti ndogo kama mtu anayevuta pumzi.

Kazi hiyo aliifanya adhuhuri, jua la utosi, kwa kuwa saa hiyo mchanga huwa mkavu kabisa. Watu wengine saa hiyo hujifungia ndani. Wanasema ndiyo saa ya wasioonekana kutembea vichochoroni, na mwenye akili hawazibii njia. Mejumaa aliwaachia njia, akakaa uani kwake na jiwe. Hilo nalo halikumpunguzia uvumi.

Miaka thelathini ya kazi ilimfunza kuujua mchanga kama muuza samaki ajuavyo samaki. Wa Sabaki huja wote mbio. Wa Kilindini, katika sinia nzima, huja kidogo cha kujaza kijiko. Vumbi la sakafu ya mhunzi huruka lakini lina magamba, hukwaruza karatasi. Udongo mwekundu wa bara, ule wa kukandikia kuta, hauji kabisa. Ulipitishie jiwe mpaka mkono ufe ganzi, umelala tu kama mke aliyenuna. Lakini udongo huo huo mwekundu ukiuchota chini ya mafiga, uliochomwa na makaa siku nenda siku rudi, wageuka mweusi na waruka. Mejumaa aliligundua hilo akiwa kijana, akifagia jikoni, na hakumweleza mtu. Alisema moyoni tu kwamba moto humfunza udongo kuitika.

Kufikia mwaka ambao reli ilifika Voi, makarani wa forodhani walikwisha kupata karatasi za Kizungu za kukaushia wino. Waliobaki na mchanga wake ni wachache. Kwao alipitisha jiwe mara moja, chembe nyeupe mbili tatu zikabaki, wakashukuru. Mtu mmoja tu alipitishiwa mara tatu, mpaka ukawa mweusi mtupu kama mboni ya jicho. Huyo alikuwa Mwalimu Hadi, mwandishi wa barua pale mtaa wa Kuze. Ndiye aliyemfundisha Idarus, mwana wa Mejumaa, kusoma na kuandika, na heshima ya mwalimu haishi siku mtoto atokapo chuoni.

Idarus ndiye aliyebaki. Wawili wa mbele yake walizikwa wadogo, na baba yao akawafuata. Alikuwa mrefu, mwenye maneno, na hati yake ilifanana na ya mwalimu wake hata watu wakachanganya. Alioa binti wa Lamu, Saadia, msichana mpole mwenye sauti nzuri ya kusoma. Miezi minane baada ya arusi akaandikwa kazi ya ukarani kwenye makambi ya reli, nyika ya Taru, kuhesabu vibarua.

Siku ya safari mama alimfungia halua, vitumbua na kopo la mchanga. Idarus akalitoa kopo, anacheka.

"Mama, nibebe mchanga niupeleke Taru? Kwani huko wameishiwa?"

"Utanikumbuka wino utakapovurugika."

"Nitakukumbuka hata usipovurugika."

Akaondoka na kofia aliyoshonewa na mkewe, yenye mauwa ya nyuzi za kahawia.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya wiki tano, mkononi mwa kibarua aliyenuka moshi. Saadia akaisoma kwa sauti. Idarus alisema hajambo, maji ni haba, miti ina miba mitupu. Chini akaongeza: "Mama, huku hakuna mchanga wako. Nimekausha wino kwa vumbi la Taru. Usinicheke." Kweli, karatasi ilipofunguka, vumbi jekundu lilimwagika mkekani. Mejumaa alipitisha jiwe kwa mazoea tu. Halikuja hata chembe. Akalizoa kwa kidole, akalitia ndani ya kijaluba kitupu cha wanja. Mama ni mama; alilihifadhi vumbi lile kama kipande cha mwanawe.

Kisha kimya. Ukapita Rajabu wote. Mwezi wa Shaabani ndipo barua ya pili ikaja, safari hii mkononi mwa Mwalimu Hadi. Alisimama mlangoni, macho ameyainamisha.

"Nimepewa na mtu wa reli, msikitini," alisema.

"Na uso huo, Mwalimu? Nilidhani waniletea deni."

Hati ilikuwa ile ile. Ikaja ya tatu baada ya Idi, na ya nne Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, mvua za masika zikinyesha. Zote kupitia kwa Mwalimu. Baba yake Saadia alituma watu kutoka Lamu mara mbili, kwamba mume asiyeonekana si mume, binti arudi kwao. Saadia akawajibu mwenyewe, kutoka nyuma ya mlango: "Maadamu barua zaja, n'na mume." Kila alipopata barua alijipaka wanja, akasuka asumini nyweleni, kana kwamba aliyeandika angeweza kumwona.

Na hapo ndipo baridi ilipoanza kuingia nyumba ile. Kwa sababu aliyeandika aliona.

Barua ya pili ilimpa mama pole ya kikohozi, naye alikuwa amekohoa juma lile lile. Ya tatu ilisema paka wa madoa ameingia nyumbani, wasimfukuze. Paka alikuja Idarus akiwa keshakwenda. Bi Shariffa aliposikia akashika kifua. "Mwanao ana wa kumpelekea habari," akanong'ona. Ya nne ndiyo iliyomtoa Mejumaa usingizi wa mchana. Iliandikwa: "Mama, ondoa mkeka wako chini ya boriti ya tatu. Imepasuka." Aliinuka na taa, akapanda juu ya kinu, akaitazama boriti. Pale juu, upande wa ukutani ambako macho ya mtu aliyesimama hayafiki, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Akauhamisha mkeka.

Juma lililofuata mvua ilipumzika, jua likatoka. Adhuhuri Mejumaa alikaa uani na sinia lake, na Saadia karibu yake, amefungua barua ya nne mkekani kuisoma tena, sijui mara ya ngapi. Jiwe lilikuwa limewekwa pembeni, halina kitambaa.

"Mama," Saadia akasema polepole. "Mama, tazama."

Katika mkunjo wa barua kitu cheusi kilikuwa kikitambaa. Kilitoka ndani ya kunjo kama mstari wa wadudu wadogo wasio na miguu, kikavuka neno "mama", kikavuka jina la Saadia, kikafika ukingo wa karatasi na kurukia jiwe.

Mejumaa aliisogeza karatasi kwa ncha ya kidole. Mstari ukapinda ukalifuata jiwe. Akazikusanya chembe zile kiganjani, akazikodolea macho juani. Nyeusi. Zote. Hapakuwa na nyeupe hata moja.

"Nenda kaniletee zilizobaki," alisema.

Saadia akazileta. Ya tatu, mikunjo yake ikatoa nyeusi tupu. Ya pili vivyo hivyo. Ya kwanza, ile ya moshi, ikatoa vumbi jekundu kidogo lililogoma kusogea.

Sasa, mtu mwingine angesoma audhubillahi na kukimbia. Mejumaa naye mwili ulimsisimka, tusimsingizie ujasiri. Lakini alijua mchanga. Mchanga mweusi usio na chembe nyeupe hauokotwi Taru wala Voi wala pwani yoyote aliyoiumba Mungu. Huo umeinuliwa kwa jiwe mara tatu, na duniani yuko mtu mmoja tu anayeuinua hivyo, na mtu mmoja tu anayepewa.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna. Pika wali."

Akajitanda buibui, akatia barua zote nne na jiwe ndani ya kikapu, akatoka na jua lile lile ambalo hakuna atokaye. Vichochoro vilikuwa vitupu. Milango imefungwa, mbuzi wamelala kivulini, na mlio wa nyayo zake ulirudi kutoka ukuta wa pili kana kwamba mtu alimfuata hatua kwa hatua. Hakugeuka. Alijua akigeuka hatafika.

Mwalimu Hadi alikuwa ukumbini kwake, anaandika. Alipomwona aliinua kichwa.

"Bi Mejumaa, jua hili?"

"Salamu baadaye. Barua hizi zimetoka wapi, Mwalimu?"

"Kwa mwanao. Nilikwambia, mtu wa reli..."

Mejumaa hakubishana. Aliifungua ya nne juu ya meza yake ndogo, akashika jiwe chini ya karatasi. Chembe zilizosalia zikainuka kwenye mikunjo, zikasimama. Kisha akachota mchanga kutoka kijisanduku cha Mwalimu mwenyewe, akaunyunyiza kando ya zile. Zikasimama pamoja, wima, hujui ipi ni ipi.

"Nimekupitishia mara tatu kwa miaka kumi," alisema. "Nitakosaje kuutambua? Ni kama kutomtambua mtoto wangu."

Kalamu ya mwanzi ilimwanguka Mwalimu, ikaacha doa.

"Idarus amekufa," alisema. "Rajabu. Homa."

Akaeleza. Mgiriama mmoja jina lake Dzoro, aliyechota maji kambini, alirudi na habari na kofia, akaulizia mwalimu wa marehemu kwa kuwa ndilo jina alilotajiwa. Idarus alizikwa kando ya reli, upande wa Voi. Mwalimu alivaa kanzu safi, akaenda Kibokoni kutoa habari. Akamkuta Mejumaa mlangoni.

"Ukaniuliza, 'Waniletea barua ya mwanangu?' Kwa furaha hiyo. Ulimi ukanigeuka. Nikasema, kesho. Nikaandika moja tu, hiyo ya pili, Ramadhani ipite mfunge kwa amani. Wino wenyewe niliukausha bila kufikiri. Mkono umezoea."

"Na ya tatu?"

"Idi. Nilisikia Saadia amepaka hina."

"Na ya tatu?"

"Ya nne sikuikusudia. Nilikaa kuandika hati ya mtu ya minazi. Nilipotazama, mkono umeandika 'Mama yangu.' Ni hati niliyomfundisha mimi, Bi Mejumaa. Sijui tena ni yangu au yake."

"Kikohozi changu ulikijua."

"Waliokuja kuteka maji kisimani hapa walisema."

"Na paka?"

"Paka nilimwona mlangoni."

"Na boriti?"

"Boriti gani?"

Mejumaa akamwekea kidole kwenye mstari. Mwalimu akausoma. Akausoma tena, midomo yake inakwenda kama mtoto wa chuo.

"Mimi sijavuka ukumbi wa nyumba yako hata siku moja," alisema. "Chumba chako cha ndani ningekijuaje?"

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu Kibokoni angemshuhudilia. Mwanamume asiye wa nyumba haingii ndani. Mstari ule ulibaki baina yao.

Hatimaye Mwalimu akafungua kasha, akatoa kofia. Mauwa ya kahawia. Mishono yake imejaa vumbi jekundu. Mejumaa alilikung'utia kiganjani, akalisogezea jiwe. Halikuja. Lilikuwa lile lile la barua ya kwanza, la bara, jekundu, lisiloitika. Hapo ndipo aliposadiki. Maneno ya mtu yaweza kudanganya, na alikuwa ameona leo hata mkono wadanganya. Vumbi halina ulimi wa kusemea uongo.

"Ningekutukana," alimwambia Mwalimu, "lakini leo sina tusi. Kesho baada ya alasiri njoo kwangu na karatasi na kalamu. Utaandika ya mwisho, kwa kadhi, na utaandika kweli. Mlete na huyo Dzoro aseme mbele ya watu."

Kurudi alipiga hatua nzito. Alimkuta Saadia amepika wali, ametia asumini nyweleni. Mejumaa akamkalisha, akamwekea kofia mapajani. Saadia hakulia kwanza. Alihesabu kwa vidole: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi, Pili, Tatu, na sasa Nne.

"Eda yangu imekwisha," alisema. "Huhesabiwa tangu siku ya mauti, miezi minne na siku kumi. Imepita, Mama. Imenipitia juu ya kichwa, nami nimejipaka wanja." Akaanza kuzing'oa asumini moja moja. "Nilikuwa nikijipambia nani?"

Mejumaa alimshika tu mpaka alipochoka.

Asubuhi yake walisoma hitima. Akina mama walijaa, hata Bi Shariffa, na safari hii hakuleta koleo. Mejumaa alipotia udi kwenye chetezo aliongeza na vumbi jekundu lote alilonalo, la kijaluba na la kofia. Watu walidhani ni ubani. Likakaa juu ya makaa kisomo kizima, moshi ukipanda, mpaka makaa yakafa.

Baada ya alasiri Mwalimu Hadi alikuja na Dzoro, mtu mfupi aliyekaa ukingoni mwa kiti asikichafue. Dzoro alieleza mbele ya wazee watatu wa mtaa, kwa maneno machache. Marehemu aliugua siku nne. Siku ya mwisho aliomba karatasi, ikakosekana, akawa anaandika hewani kwa kidole.

"Akiandika nini?" Saadia akauliza, nyuma ya pazia.

"Sijui kusoma, bibi," alisema Dzoro. "Lakini alikuwa akitazama juu, kama mtu atazamaye dari, na huko hatukuwa na dari. Tulilala nje."

Mejumaa aliihisi boriti ya tatu juu yake, ingawa hakuwa amekaa chumba kile.

Mwalimu aliandika. Kwamba Idarus, mume wa Saadia, amefariki mwezi wa Rajabu, na mkewe hana kifungo. Hati ilikuwa nzuri, ile ile ya wawili. Alipomaliza jina la marehemu, mkono wake wa kushoto ukaelekea wenyewe kwenye kijisanduku cha mchanga.

"Wacha," alisema Mejumaa.

Alileta chetezo kilichopoa. Alichagua majivu kwa ncha ya kisu, akapata vumbi lake chini: halikuwa jekundu tena, lilikuwa la rangi ya kahawa iliyoungua. Kidogo mno, halikuzidi la kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Akalinyunyiza juu ya jina tu.

Kisha akapitisha jiwe chini ya karatasi, akalituliza hapo.

Vumbi la Taru, lililogoma miezi yote, likainuka. Chembe baada ya chembe likasimama wima juu ya herufi, mstari mwembamba mweusi uliotetemeka, kana kwamba jina lenyewe limeota nywele na kusikia kitu. Dzoro alishuka kitini. Mwalimu aliondoa mikono yake mezani, akaificha ndani ya mikono ya kanzu.

Pazia likasogea. "Mama," Saadia akanong'ona, "yuwaitika?"

"Ni moto tu, mwanangu," alisema Mejumaa. "Udongo ukipita motoni hufanya hivyo. Nimelijua hilo tangu ujana wangu."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo ilivyo. Lakini hakuliondoa jiwe. Alilishika pale chini ya jina la mwanawe, mkono umenyooka, hata wino ulipokuwa umekwisha kukauka na wazee wamekwisha kuaga.